Matandiko gani yanapitisha hewa vizuri katika chumba cha bweni chenye godoro la kava la plastiki?

Mgeni wa Bweni anauliza:

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Muhula ujao nitahamia katika bweni la chuo, na nimeanza kutafuta matandiko mapema ili nisinunue kwa haraka siku ya mwisho. Mimi ni mtu wa kutoka jasho usiku hata pale wenzangu wanapojifunika blanketi, na nikishtuka usingizini nikiwa nimelowa, huchukua muda mrefu kulala tena. Kwa hiyo ninachotafuta si rangi wala urembo, bali matandiko yatakayoniwezesha kulala usiku kucha nikiwa mkavu.

Chumba ni cha watu wawili, chenye kitanda cha ghorofa, nami nimepangiwa kitanda cha juu. Dirisha ni moja, na liko upande wa pili wa chumba. Godoro ni la chuo: ni la sponji, limeshonewa kava la plastiki laini lisilovuliwa, na kanuni za bweni haziruhusu kulitoa wala kuleta godoro jingine. Hakuna kiyoyozi, ila feni ndogo inaruhusiwa. Mashine za kufulia na za kukaushia ni za wote, kwa hiyo mara nyingine mtu husubiri zamu. Kabati nalo ni dogo, hivyo siwezi kujaza matandiko ya kila namna.

Nilipopita madukani nilizidi kuchanganyikiwa. Mmoja ananiambia ninunue mashuka ya nyuzi 1000 kwa sababu ndiyo bora kuliko yote, mwingine anasifu mashuka ya mianzi, wa tatu ananionyesha mikrofaiba ambayo imeandikwa kwamba inapoza mwili. Ningependa kuelewa sababu, si kupewa jina la bidhaa tu. Ni kitu gani hasa kinachofanya tandiko lipitishe hewa, na katika chumba kama hiki nianzie wapi?

Fundi Mtande anajibu:

Mdogo wangu, jambo lililo muhimu kuliko yote umelitaja katikati ya maelezo yako bila kuliuliza, nalo ni kava la plastiki la hilo godoro. Watu wakizungumzia matandiko yanayopitisha hewa hufikiria shuka peke yake, ilhali mtu aliyelala amezungukwa na matabaka kadhaa, kuanzia godoro hadi blanketi, na tabaka moja lililoziba linatosha kuharibu kazi ya mengine yote. Ukinunua shuka bora ukalitandika moja kwa moja juu ya plastiki, upande wa mwili ulioulalia utakuwa kama umevalishwa koti la mvua. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uanze kupanga kutoka chini kwenda juu, na fedha yako iende kwanza chini.

Nieleze sababu. Mwili wa mtu mzima aliyelala huendelea kutoa joto, kiasi kinachokaribia wati 70, na ili usingizi ushike, joto la ndani ya mwili hupaswa kushuka kidogo. Mwili hufanya hivyo kwa kutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, hasa ya mikono na miguu, ili joto litoke nje. Joto hilo lisipopata njia, mwili huongeza jasho. Kila gramu ya jasho inayogeuka kuwa mvuke juu ya ngozi huondoka na takriban kilojuli 2.4 za joto, lakini sharti igeuke mvuke. Jasho linalobaki kuwa maji kwa sababu hewa iliyo kati yako na shuka imekwisha kujaa unyevu halikupozi hata kidogo. Linakulowesha tu, na ndilo linalokuamsha.

Kutokana na hayo utaona kwamba tunapozungumzia tandiko linalopitisha hewa tunachanganya mambo matatu. La kwanza ni hewa yenyewe kupenya katika matundu ya kitambaa. La pili ni mvuke wa jasho kupita, jambo ambalo linaweza kutokea hata pale upepo usipopenya. La tatu ni uwezo wa nyuzi kunyonya unyevu na kuushikilia kwa muda mpaka upate pa kwenda. Viwandani mambo haya hupimwa mbalimbali: kupenya kwa hewa kuna kipimo chake, na upinzani wa kitambaa dhidi ya mvuke hupimwa kwa kiwango cha ISO 11092, ambapo kitambaa hutandazwa juu ya bamba lenye joto na vinyweleo linalotoa unyevu mithili ya ngozi inayotoka jasho. Tofauti hii ndiyo inayoeleza makava ya magodoro. Kava la vinaili, ambayo ni aina ya plastiki, huzuia maji, hewa na mvuke kwa pamoja. Kava lenye utando mwembamba wa poliyurethani huzuia maji vilevile, lakini huruhusu mvuke kiasi. Uliza chuoni kava la godoro lenu ni la aina gani, ingawa kwa maelezo yako nadhani ni la vinaili.

Kwa kuwa huruhusiwi kuliondoa, weka juu yake tabaka nene linalonyonya, ndipo shuka lifuate. Linalofaa ni pedi ya godoro ambayo ni ya pamba ndani na nje, iliyoshonwa kwa mistari ili pamba isijikusanye upande mmoja, na yenye lastiki pembezoni ili isiteleze juu ya plastiki. Ukipata ya sufu ya kondoo ni bora zaidi, kwa sababu kilo moja ya sufu kavu huweza kubeba takriban gramu 160 za maji katika hewa ya kawaida bila kuhisiwa kuwa na unyevu, wakati pamba hubeba kama gramu 70 hadi 85 na poliesta gramu 4 tu. Kuna pia pedi za matundu, zilizofumwa kwa namna ya wavu mnene wenye nafasi ndani, ambazo huacha hewa itembee pembeni hata mtu akizilalia. Hizo ni nzuri sana juu ya plastiki, ila zina ukakasi kidogo, na hutaki kuzilalia bila kitu laini juu yake. Jihadhari na jambo moja: pedi nyingi huuzwa kama kinga dhidi ya maji, na zikigeuzwa upande wa chini huonekana zimepakwa plastiki. Godoro lako limekwisha kukingwa. Huna haja ya plastiki ya pili.

Sasa tuje kwenye shuka, na hapa naomba uweke pembeni hesabu ya nyuzi 1000. Hesabu hiyo ni jumla ya nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu, na za mshindio, zinazokatiza kwa upana, katika eneo la inchi moja ya mraba, yaani mraba wa sentimita 2.54 kila upande. Uzi mmoja wa pamba una unene wake, na nafasi hiyo haiwezi kubeba nyuzi 1000 nzima zikabaki kuwa kitambaa cha kulalia. Zinazofika huko kwa kawaida ni nyuzi nyembamba zilizosokotwa pamoja mbili, tatu au nne, kisha kila kipande kikahesabiwa peke yake, ilhali kiwango cha ASTM D3775 kinataka uzi uliosokotwa uhesabiwe kuwa mmoja. Matokeo yake ni shuka zito, lililobanana, lenye matundu machache. Kwa mtu wa kutoka jasho, nyuzi 200 hadi 300 za pamba tupu zinatosha kabisa.

Kinachopita hesabu hiyo kwa umuhimu ni mfumo, yaani jinsi nyuzi zinavyopishana. Katika ufumaji sahili uitwao perkali, kila uzi hupita juu ya mmoja na chini ya mmoja, hivyo kitambaa huwa chepesi, hakigandi mwilini, na huacha matundu madogo kila nyuzi zinapopishana. Katika mfumo wa satini uzi huelea juu ya nyuzi kadhaa, mara nyingi nne, kabla ya kuzama chini ya mmoja. Satini ya pamba hung'aa na huteleza vizuri, lakini hulala karibu zaidi na ngozi na hushika joto. Ukiwa umesimama dukani satini itakushinda kwa ulaini, kwani mkono hupenda kinachoteleza. Chagua perkali hata hivyo, maana baada ya kufuliwa mara kadhaa nayo hulainika.

Mgeni wa Bweni:

Nashukuru sana, ndugu Fundi. Sikuwa nimefikiria kwamba tatizo linaweza kuanzia chini ya shuka. Naomba uniongezee mambo mawili. Je, hayo mashuka ya mianzi ni kitu cha kweli? Na nikiwa dukani bila kipimo chochote, nitatambuaje kwamba kitambaa kinapitisha hewa?

Fundi Mtande:

Mianzi ni ya kweli kama malighafi, lakini kinachofika kitandani mara nyingi ni viskosi. Shina huyeyushwa kwa kemikali hadi kuwa uji wa selulosi, ile dutu inayojenga mimea, kisha uji huo husukumwa katika matundu madogo na kugandishwa kuwa nyuzi. Selulosi ya mti mwingine wowote ingetoa uzi uleule kwa karibu kila kipimo. Nchini Marekani tume ya biashara, FTC, huwataka wauzaji waandike wazi kwamba bidhaa ni reyoni au viskosi iliyotokana na mianzi, badala ya kuiita mianzi tu. Hata hivyo sikuambii uikimbie. Viskosi hunyonya unyevu kuliko pamba na huhisiwa baridi ngozini; udhaifu wake ni kwamba hupoteza nguvu nyingi ikilowa, hivyo mashine za kufulia za watu wengi, ambazo hujazwa kupita kiasi, huichakaza upesi. Layoseli, ambayo nayo ni ya selulosi lakini hutengenezwa kwa kiyeyushi kinachokusanywa na kutumiwa tena, hustahimili kulowa vizuri zaidi. Ikiwa unapenda mguso huo, nunua layoseli.

Kuhusu dukani, fanya hivi. Liinue shuka, tabaka moja tu, mbele ya mwanga uone kama matundu yanaonekana yakiwa yamepangika sawasawa. Kisha liweke mdomoni na upulize: hewa ikipenya bila kukulazimu kutumia nguvu, hiyo ni dalili njema, mashavu yakivimba, lirudishe. Mwenye duka akikuruhusu, dondosha tone la maji kwenye ukingo. Tone likizama mara moja, nyuzi zinanyonya. Likikaa juu likiviringika, kitambaa ni cha poliesta au kimepakwa dawa ya kuzuia mikunjo. Kumbuka kwamba pamba mpya inaweza kuwa na wanga wa kiwandani unaochelewesha tone, kwa hiyo usilihukumu shuka kwa tone peke yake. Mwisho soma lebo ya mchanganyiko wa nyuzi, si maandishi makubwa ya mbele ya pakiti. Na ukikuta alama ya OEKO-TEX STANDARD 100, ujue imethibitisha kwamba kitambaa kimepimwa kama kina kemikali zenye madhara, jambo zuri, lakini haisemi lolote kuhusu kupitisha hewa.

Kitanda cha Juu:

Nakubaliana na mengi aliyosema Fundi Mtande, isipokuwa ningependa kuitetea poliesta kidogo, kwa sababu nimeishi bwenini na najua foleni ya kukausha nguo ilivyo. Pamba tupu hunyonya sana, na kwa sababu hiyohiyo huchelewa kukauka. Shuka la pamba lililotolewa mashineni likiwa bado na ubichi, likatandikwa kwa sababu zamu ya kikaushio imeisha, halina faida yoyote ya kupitisha hewa usiku ule. Unalala juu ya unyevu uliotangulia kuwepo hata kabla hujatoka jasho. Shuka la mchanganyiko, hasa lenye pamba nyingi kuliko poliesta, hukauka mapema na halikunjiki ovyo, na kwa mtu anayefua jioni na kutandika usiku huohuo hilo si jambo dogo.

Jambo la pili linahusu kitanda cha juu chenyewe. Hewa ya moto hupanda, na kati ya uso wako na dari kuna nafasi ndogo ambayo feni ya mezani haiifikii. Kabla ya kununua kitu chochote kinachodaiwa kupoza, tafuta feni ya kubana kwenye ukingo wa kitanda, kama kanuni za bweni zinaruhusu, kisha uielekeze ipulize kando ya mwili kutoka miguuni, wala isikupige usoni. Shuka jepesi la kujifunika lisilochomekwa chini ya godoro litaruhusu upepo huo uingie na kutoka. Ukilichomeka pande zote, umejifungia ndani ya mfuko.

Fundi Mtande:

Hoja ya kukauka ni ya haki na naipokea. Nitatofautisha tu mchanganyiko wa pamba na poliesta uliofumwa kwa perkali, ambao unavumilika, na mikrofaiba aliyoonyeshwa mwuliza swali. Mikrofaiba ni nyuzi za poliesta nyembamba mno, chini ya denia moja, yaani mita 9000 za uzi hazifikishi gramu moja. Wembamba huo ndio unaoipa ulaini, na ndio huohuo unaoifanya ifumwe kwa kubanana sana. Jasho haliingii ndani ya uzi, na matundu ya kulitoa nje ni machache. Kwa mtu anayelala katika chumba cha baridi haina ubaya. Kwa huyu ndugu yetu sioni ikimfaa.

Na kwa kuwa yeye ameahidiwa kupozwa, niseme neno kuhusu bidhaa za namna hiyo. Nyingine zina dawa inayoyeyuka kwa joto la mwili na kulimeza joto hilo inapoyeyuka. Ubaridi unaousikia unapogusa ni wa kweli, lakini dawa ikishayeyuka yote kazi imekwisha mpaka ipoe tena, na aliyelala juu yake haipi nafasi ya kupoa. Nyingine ni vitambaa laini vinavyochukua joto la mkono kwa haraka wakati wa kugusa, basi. Ubaridi wa mguso wa kwanza na uwezo wa kutoa unyevu saa nane za usiku ni vitu viwili tofauti, na wewe unachohitaji ni cha pili.

Mama wa Wanafunzi:

Wanangu, hamjambo. Nimesoma kwa makini, na kwa kuwa nimeshona na kutandika mashuka kwa miaka mingi, naomba nizungumzie mambo ambayo hayakuguswa, yaani kitani, mto, kitu cha kujifunika na ufuaji.

Kitani kingekuwa chaguo langu la kwanza kwa mtu wa kutoka jasho. Uzi wake ni mnene na mgumu kidogo, hivyo hufumwa kwa nafasi, hausinyai ukagandana na ngozi, na ijapokuwa hunyonya unyevu kuliko pamba, huuachia upesi na kukauka mapema. Kwa hiyo hata ile hoja ya kijana wangu wa kitanda cha juu kuhusu foleni ya kikaushio, kitani kinaijibu vizuri. Ubaya wake ni kwamba kina gharama kubwa kuliko pamba, kinakunjamana, na mwanzoni kinakwaruza. Kama fedha hairuhusu mashuka mawili ya kitani, nunua foronya ya kitani na shuka moja la kujifunika, kisha shuka la chini liwe la pamba ya perkali. Kichwa na shingo hutoa joto jingi, na foronya ni kitambaa kidogo.

Mto wenyewe usiusahau. Ule wa sponji nzito inayobonyea na kubaki na umbo la kichwa hukifunika kichwa pande zote na kushika joto. Sponji hiyo ilibuniwa katika miaka ya 1960 kwa kazi za NASA, shirika la anga la Marekani, ili kuwalinda watu dhidi ya mishtuko wakiwa vitini, na kumeza mshtuko inakujua. Kutoa joto ni kazi nyingine. Mto wa mpira asilia wenye matundu yaliyopenya kutoka upande mmoja hadi wa pili ni bora zaidi. Mto wa sufi, yale manyoya ya ndani ya matunda ya msufi, ni mwepesi na una hewa nyingi ndani, ila haupendi kufuliwa, kwa hiyo uvalishe foronya mbili na ufue foronya mara kwa mara.

Kuhusu kujifunika, mwanangu, usinunue duveti nene, lile tandiko la kujifunika lililojazwa ndani, kwa sababu tu linapendeza kitandani. Maduveti mengi huwa na kipimo cha togi kinachoonyesha kiasi cha joto yanachozuia: yenye togi 4.5 au pungufu ni ya majira ya joto, na yenye 13.5 ni ya baridi kali. Kwa chumba ulichokieleza, shuka la juu na blanketi moja la pamba lililofumwa kwa vijitundu vinatosha, kwa sababu matabaka mawili mepesi unaweza kuyapunguza usiku wa manane bila kuamka sawasawa, lakini duveti nene huna la kulifanya ila kulivaa au kulitupa chini.

Na katika kufua, acheni dawa za kulainisha nguo kwenye mashuka. Hulainisha kwa kuacha utando wa mafuta juu ya nyuzi, na utando huo hupunguza kunyonya. Sabuni iwe ya kiasi, maji ya kusuuza yawe mengi. Shuka jipya lifuliwe kabla ya kulaliwa ili wanga na dawa za kiwandani zitoke.

Mgeni wa Bweni:

Shikamoo mama. Nakushukuru kwa kunifikiria mpaka kwenye foronya. Nina swali ambalo pengine lilipaswa kutangulia: mwenzangu wa chumba ana pumu, na ameniomba tusilete vitu vitakavyojaza vumbi. Je, pedi nene ya pamba au blanketi la vijitundu havitamdhuru?

Muuguzi wa Zamu:

Nimeingia kwa sababu ya swali hili, kwani linagusa afya ya mtu wa pili chumbani.

Kinachowasumbua wenye pumu kitandani mara nyingi si vumbi kama vumbi, bali utitiri wanaoishi ndani yake, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hula ngozi iliyopukutika. Kinyesi chao ndicho huamsha mzio. Utitiri hawa hawanywi maji. Huufyonza unyevu kutoka hewani, na hewa ikikaa chini ya asilimia 50 ya unyevu kwa muda mrefu hukauka na kufa. Kwa hiyo matandiko yanayotoa unyevu haraka yanamsaidia mwenzako pia, wala hakuna mgongano kati ya mahitaji yenu mawili. Linalotakiwa ni kwamba kila utakacholeta kiweze kuingia katika mashine ya kufulia. Pedi isiyofulika isiletwe, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Mashuka na foronya vifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi joto 60, ambayo huwaua utitiri. Maji ya vuguvugu huondoa sehemu ya kinyesi chao lakini wengi wao hubaki hai. Pedi na blanketi vinaweza kusubiri zaidi, ila visisubiri muhula mzima. Hakikisha lebo ya kila kimoja inaruhusu joto hilo: pamba na kitani kwa kawaida huvumilia, sufu ya kondoo mara nyingi haivumilii, na kwa sababu hiyo ningekushauri uchague pedi ya pamba ingawa Fundi ameisifu ya sufu kwa haki. Ile plastiki ya godoro unayoilalamikia, kwa mwenzako ni kinga, maana utitiri hawapenyi kuingia ndani ya sponji. Mto ndio uliobaki wazi. Yeye mwenyewe anaweza kuuvalisha mfuko maalumu wa kitambaa kilichofumwa kwa kubanana sana, chenye vinyweleo vidogo kiasi cha kuzuia utitiri na kinyesi chao huku mvuke ukipita.

Naomba nyote wawili mzingatie pia unyevu wa chumba. Taulo lililolowa likitundikwa kwenye nguzo ya kitanda usiku, maji yake yote huishia katika hewa mnayoivuta na katika mashuka mnayoyalalia. Lianikwe penye dirisha au nje ya chumba. Asubuhi msitandike mara tu mnapoamka. Funueni blanketi hadi miguuni, fungueni dirisha kama hewa ya nje si nzito kwa unyevu, mkatandike baadaye mkiwa tayari kutoka. Pia inueni pedi mara kwa mara mkague upande wa chini unaogusana na plastiki, kwa sababu hapo ndipo unyevu hujikusanya na ukungu huanza, na ukungu nao humdhuru mwenye pumu.

Nimalizie kwa jambo linalokuhusu wewe. Kutoka jasho katika chumba chenye joto ni kawaida. Lakini ikiwa unalowesha mashuka hata chumba kikiwa na ubaridi, au jasho linaambatana na homa, kikohozi kisichoisha au kupungua uzito, hilo si suala la matandiko. Nenda ukapimwe.

Mgeni wa Bweni:

Nimekuelewa vizuri, na hali yangu ni ya joto la chumba tu, kwani siku za baridi hulala mkavu. Basi nitanunua pedi ya pamba inayofulika kwa nyuzi joto 60, mashuka ya perkali ya kubadilishia, foronya ya kitani na blanketi la vijitundu. Kuna kipimo chochote cha kuzingatia kabla sijalipa?

Fundi Mtande:

Kipo. Pima urefu, upana na kimo cha godoro lenyewe, usitegemee jina la ukubwa lililoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu magodoro mengi ya mabwenini ni membamba na marefu kuliko ya kawaida. Kwenye kimo ongeza unene wa pedi, kisha ongeza sentimita chache kwa ajili ya kujikunja chini, ndipo uchague shuka la lastiki. Pamba hunywea kidogo inapofuliwa kwa maji ya moto na kukaushwa mashineni, kwa hiyo shuka linalobana tangu siku ya kwanza litachomoka pembeni baada ya kufuliwa, na pembe ikichomoka usiku utajikuta ngozi yako iko juu ya plastiki. Ukishaipata pedi, ifue na kuikausha kwanza, ndipo upime tena kabla ya kununua mashuka.

Mgeni wa Bweni:

Nitafanya hivyo. Pedi naichukua wiki hii, mashuka nitayasubirisha mpaka nimepima upya.